Santuri za 78: tunavyozila kwa sindano, na namna ya kuzicheza bila kuzimaliza

MlinziWaSanturi (mwanzisha uzi) | Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Naona picha nyingi humu za watu waliorithi gramafoni. Wametia ufunguo, wameweka santuri ya babu, wameandika "bado inaimba". Nafurahi nao. Lakini nikiikuza picha nikaitazama ile sindano, moyo unaniuma. Ina kutu. Maana yake haijabadilishwa tangu mwenye mali afariki. Nimeamua kuandika yote ninayoyajua kuhusu jambo hili, kwa sababu mimi mwenyewe nilishaimaliza santuri moja ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Ilitoka kwa bibi yangu mzaa mama, Tanga. Alituachia sanduku lenye santuri 41 pamoja na gramafoni ya mkononi, ile nyeusi inayofungwa kama begi. Kati ya hizo kulikuwa na moja ya taarabu ambayo bibi alikuwa akituimbia maneno yake tungali wadogo. Jioni niliyoifungua niliicheza upande mmoja mara tisa, kwa sindano niliyoikuta mle mle. Mara ya kwanza sauti ya mwimbaji ilitoka safi, na udi nyuma yake unasikika uzi kwa uzi. Mara ya tano kukawa na mkwaruzo kila anapopandisha sauti. Mara ya tisa nikadhani springi imechoka.

Asubuhi niliipeleka dirishani. Kuanzia katikati kwenda kwenye karatasi ya nembo, weusi wake ulikuwa umegeuka kijivu, kama ubao wa shule uliofutwa kwa mkono. Na juu ya karatasi palikuwa na vumbi jeusi, laini, linashika kidole. Lile vumbi ndiyo sauti ya yule mama. Nililifuta kwa kidole kabla sijaelewa nilikuwa nafuta nini.

Kilichotokea ni hiki. Shelaki, inayotumika kutengeneza santuri hizi, ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na nchi za jirani. Santuri haikutengenezwa kwa shelaki tupu. Sehemu kubwa ya ile sahani ni unga wa mawe, pamoja na nyuzi za pamba na masizi ya kuipa weusi. Unga wa mawe una kazi yake: sindano mpya ya chuma haijalingana na mfereji (ule mstari mwembamba unaozunguka santuri na kubeba sauti), kwa hiyo mizunguko ya mwanzo inaisaga mpaka ikae sawasawa. Waliotengeneza walitaka sindano ndiyo ilike, sahani ibaki.

Tatizo ni kwamba sindano inaendelea kulika. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ni kama dakika 3, na kwa mizunguko 78 kila dakika ndiyo mizunguko 234. Ungeweza kuunyoosha ule mfereji kama kamba, ungepata karibu mita 130. Sasa fikiria ncha ya chuma iliyoburutwa mita 130 juu ya unga wa mawe, imebebeshwa zaidi ya gramu 100. Nimezitazama sindano zangu kwa lenzi ya fundi saa. Mpya ina ncha ya mviringo, inang'aa. Iliyocheza upande mmoja ina bapa mbili, kushoto na kulia, na kila bapa ina ukingo mkali kama patasi. Ukiirudisha mwanzo wa santuri, zile patasi mbili zinaingia kwenye kuta za mfereji na kuanza kuchonga. Kadiri mwimbaji anavyopaza sauti ndivyo mfereji unavyopinda zaidi, na ndivyo patasi zinavyokata zaidi. Ndiyo maana sehemu za kwanza kufa huwa zile za sauti ya juu, na zile za karibu na nembo ambako mizunguko ni midogo na mapindo yamebanana.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kama huna muda wa kusoma uzi wote chukua hii tu: sindano ya chuma ni ya upande mmoja. Ukigeuza santuri, unaweka nyingine. Iliyotumika unaitupa kwenye kopo lake mbali na mpya, maana kwa macho zinafanana. Zamani kopo dogo liliuzwa na sindano 200 ndani, na watu walizimaliza. Mpaka leo zinatengenezwa mpya na kuuzwa mtandaoni kwa mamia, na bei ya sindano 100 haifiki bei ya santuri moja ya taarabu iliyo salama, ukibahatika kuipata.

Nakaribisha maswali na wanaojua zaidi yangu.

---

KijanaWaMakadara | Mombasa

Ahsante sana ndugu. Mimi sina gramafoni ya ufunguo. Nimenunua ile pleya ya kisasa ya kama sanduku la safari, ya umeme, ina swichi ya 33, 45 na 78. Nina santuri sita za marehemu ami yangu, za miaka ya hamsini. Nikiweka, wimbo unasikika lakini ni kama mtu anakaanga samaki. Ni santuri zimekwisha au ni pleya?

---

MlinziWaSanturi

Usizitupe wala usizihukumu bado. Swichi ya 78 inabadilisha mwendo tu, haibadilishi sindano. Hizo pleya nyingi huja na sindano ya LP, yaani ya santuri ndefu za plastiki za mwendo wa 33. Mfereji wa LP ni mwembamba, na ncha ya sindano yake ina nusu kipenyo cha mikroni 25 au pungufu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni 76 hivi. Ukiweka ile ndogo, haishiki kuta za pembeni ambako ndiko sauti iliko. Inadondoka chini kabisa ya mfereji, inagonga uchafu wa miaka 70, na huko ndiko kunakotoka kukaanga samaki. Wakati huohuo inaikwaruza santuri na yenyewe inaharibika.

Tafuta sindano iliyoandikwa 78, au 3 mil (ndiyo hizo mikroni 76), inayoingia kwenye katriji yako, yaani kile kichwa cha pleya kinachoshika sindano. Mara nyingi ni kipande kidogo cha plastiki unachochomoa na kuchomeka kwa vidole. Utasikia tofauti dakika hiyohiyo.

---

Fundi_Kiwambo | Dar es Salaam

Mkuu umeanza vizuri, niongezee upande wa mashine, maana watu wanabadilisha sindano halafu bado santuri inageuka kijivu na hawajui kwa nini.

Fungua kile kichwa cha duara kinachoshika sindano. Ndani kuna kiwambo, cha maika kwa mashine za zamani zaidi au cha aluminiamu kwa zilizofuata, na kimeshikwa pande zote na vipete vya mpira. Huo mpira una miaka 80 au 90. Kwenye mashine nyingi ninazoletewa umekuwa mgumu kama mfupa, ukiugusa unavunjika vipande. Mpira ukiwa mgumu kiwambo hakichezi. Kiwambo kisipocheza, sindano nayo haichezi. Lakini mfereji bado unaisukuma kushoto na kulia mamia ya mara kwa sekunde. Nguvu ile lazima iende mahali, na inaishia kwenye kuta za santuri. Nimewahi kubadilisha vile vipete kwa mpira laini mweupe wa neli nyembamba, mteja akadhani nimemwekea kichwa kingine. Sauti ilizidi kuwa kubwa na vumbi jeusi likapungua.

Jaribio la nyumbani: shika ncha ya sindano kwa kidole uisukume taratibu sana pembeni. Inatakiwa ikubali kidogo na kurudi yenyewe. Kama imekaza kama msumari uliopigwa ukutani, usicheze santuri yoyote unayoipenda.

Baada ya hapo angalia mkono wenyewe, ule unaobeba kichwa. Unatakiwa utembee kwa urahisi kutoka nje mpaka ndani bila kukwama. Ukiwa mzito kwenye kiungo, sindano ndiyo inayouvuta kutoka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na inauvuta kwa kuegemea ukuta mmoja wa mfereji. Safisha grisi iliyoganda, tia nyepesi. Meza iwe sawa, tumia pima maji ya fundi mwashi. Washa mzunguko kwanza, ushike mwendo, ndipo ushushe sindano kwa mkono kwenye ukingo mtupu wa nje. Kuna watu wanaiangusha juu ya wimbo kama wanaweka kikombe mezani.

---

Mkongwe_wa_Ilala

Vijana, nawasikiliza, lakini mnatisha watu. Santuri ziliundwa zichezwe. Baba yangu alikuwa na hoteli ya chai, gramafoni ililia kuanzia asubuhi mpaka saa nne usiku, miaka mingi. Tukikaa tunaogopa, mtoto wa leo atasikia lini?

---

MlinziWaSanturi

Shikamoo mzee. Hoja yako naiheshimu, na nakubali nusu yake. Ila wakati ule santuri ikichakaa hotelini, mwenye hoteli alikwenda dukani akanunua nyingine ya wimbo uleule. Duka lilikuwepo, na kiwanda kilikuwepo. Hii iliyobaki mikononi mwetu haina nyingine dukani, na kwa nyimbo nyingi za pwani hata ile sahani ya chuma iliyotumika kuzipigia chapa haipo tena. Ile iliyoko kwenye sanduku lako inaweza kuwa ndiyo pekee inayocheza duniani. Hapo ndipo ninapoona hesabu imebadilika.

---

Mkongwe_wa_Ilala

Marahaba. Hilo la duka sikulifikiria. Kweli baba alikuwa akinunua tena na tena, nakumbuka hata ugomvi na mama juu ya hizo fedha. Endelea.

---

Bi_Mwanakhamis | Unguja

Nimesoma yote na macho yamenijaa maji. Miye nina santuri kumi na tatu za mama, na kinanda chake cha santuri kipo lakini ufunguo umevunjika, kwa hivyo labda Mungu alizilinda. Baadhi ni za Siti binti Saad. Hapa kwetu kila mtu anajua kuwa yeye na wenziwe walisafirishwa mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi, lakini nadhani wengi hawajawahi kuishika sahani yenyewe mkononi ilivyo nzito.

Zina ukungu. Mweupe mweupe kama unga, khasa zile zilizokaa chini. Jirani kaniambia nizifute kwa spiriti, kwani spiriti inaua kila kitu. Pamba ninayo na chupa ninayo, lakini roho inasita. Nifanye?

---

MlinziWaSanturi

Shikamoo Bibi. Tafadhali iweke chupa hiyo mbali. Spiriti inayeyusha shelaki. Mafundi seremala wanajua hili vizuri kuliko sisi, maana vanishi ya shelaki wanaitengeneza kwa kuikoroga ndani ya spiriti. Ukiifuta santuri kwa spiriti unafuta mifereji. Vivyo hivyo dawa za kusafishia vioo na manukato yenye alkoholi, hapana kabisa.

Fanya hivi. Kwanza toka nazo nje kwenye kivuli, ufute ukungu mkavu kwa brashi laini sana, kama ile ya kupaka rangi ya maji. Jifunike pua kwa kitambaa, hasa kama una pumu. Usifanyie chumbani maana vumbi la ukungu litarudi kwenye zilizo safi.

Kisha maji. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke. Mafundi magari huyaita maji ya betri, na hapo naomba umakini mkubwa: kuna maji ya betri na kuna asidi ya betri, na chupa zake zinafanana. Soma lebo, mwulize muuzaji, na kama una shaka yoyote nunua duka la dawa. Tia matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na manukato wala rangi kwenye lita moja. Lowesha kitambaa laini, kikamue, ufute kwa kuzunguka ukifuata mifereji, usikate kuelekea katikati. Nembo ya karatasi isiguswe na maji. Fuata na kitambaa kingine chenye maji matupu, kausha, halafu isimamishe kwenye kichanja cha vyombo kivulini mpaka ikauke kabisa. Usiiloweke kwenye beseni. Zile nyuzi za ndani zinanywa maji, na kama sahani ina ufa maji yanaingia na kuivimbisha.

Uchafu ukitoka, nusu ya kazi ya kulinda imefanyika. Mchanga ulioko mfereji ukikandamizwa na sindano unafanya kazi ya msasa.

---

Fundi_Kiwambo

Bibi, shikamoo. Nyongeza moja kabla hujalowesha: hakikisha ni shelaki kweli. Ishike kwenye tundu la katikati kwa kidole kimoja, igonge ukingoni polepole kwa ukucha. Shelaki inalia kama sahani ya udongo. Ikitoa mlio uliozibwa, huenda ni plastiki, maana baadhi ya santuri za 78 za mwishoni zilitolewa kwa plastiki. Hizo hazitakiwi kuonja sindano ya chuma hata mara moja, zinachimbika palepale.

Na zipo sahani zilizokatwa moja moja, mara nyingi za studio au redio, ndani yake kuna aluminiamu. Utaiona inang'aa kwenye tundu au ukingoni. Hizo usioshe na usicheze, tafuta mtu wa makavazi.

---

Bi_Mwanakhamis

Marahaba wanangu. Nimezigonga zote. Kumi na mbili zinalia. Moja imekaa kimya, kumbe ina ufa mrefu kutoka ukingoni mpaka karibu na nembo, sikuwahi kuuona. Chupa ya spiriti nimempa jirani aitumie kwa jiko lake.

---

Disiki_ya_Katanga | Lubumbashi

Jambo bandugu. Kwetu hapa hatusemi santuri, tunasema disiki, lakini ni kitu kimoja. Niko na moja ya Mwenda Jean Bosco, ile gita aliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, mwaka 1952 kule Jadotville, leo tunaita Likasi. Niko pia na za kampuni ya Ngoma, za Léopoldville, leo Kinshasa, na zingine za mbele ya vita. Mzee wangu alikuwa mfanyakazi wa migodi, alizinunua na mshahara wake.

Niko na gramafoni ya ufunguo, na sindano niko nabadilisha kila upande kama vile munasema, mpya kabisa. Lakini disiki ya Mwenda inatoa ile vumbi nyeusi, na zile za mbele ya vita hazitoi. Sababu ni nini?

---

MlinziWaSanturi

Ndugu yangu, umegusa jambo ambalo hata wenye gramafoni nzuri hawalijui, na nakuomba usiicheze tena kwenye ile mashine.

Santuri za 1952 hazikutengenezwa kwa ajili ya gramafoni ya ufunguo. Kufikia wakati huo pleya za umeme zilikuwa zimeenea, mikono yao ni myepesi, na wasikilizaji walilalamikia ule mchakacho wa nyuma. Watengenezaji wakapunguza unga wa mawe na kuusaga laini zaidi. Sauti ikawa tulivu, lakini sahani ikapoteza ule ugumu wa kuisaga sindano. Pia zimerekodiwa kwa sauti kubwa, mapindo ya mfereji ni makali. Ukiziweka chini ya kichwa cha gramu 130, sindano ya chuma haisagwi haraka ikakaa sawa. Inachosaga ni sahani. Huyo Mwenda wako, na vile vidole vyake vinavyocheza besi na sauti ya juu kwa pamoja kwenye gita moja, kila uzi anaoudonoa ni pindo dogo kali. Yanachongwa hayo kwanza.

Mimi nimejiwekea mpaka: za miaka ya ishirini na mwanzo wa thelathini zinaweza kwenda kwenye gramafoni iliyotengenezwa vizuri, kwa sindano mpya, kwa nadra. Kuanzia miaka ya arobaini kuja mbele, pleya ya umeme tu yenye mkono mwepesi.

---

KijanaWaMakadara

Mkono mwepesi ni uzito gani? Yangu haina pa kurekebisha.

---

Fundi_Kiwambo

Gramu 3 mpaka 5 kwa sindano nyingi za 78, fuata kilichoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Linganisha na gramu 130 za gramafoni, ni mara 26 au zaidi. Kupima, chukua mzani mdogo wa sonara wa betri, uweke kwenye sahani ya pleya ikiwa imezimwa, ushushe sindano juu yake, soma namba. Watu wanafikiri kupunguza sana ndiyo usalama. Sivyo. Ikiwa nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga kuta, ni mbaya kama nzito. Mimi hupenda gramu 4.

Hizo pleya za sanduku ambazo haziwezi kurekebishwa, nyingi huwa gramu 5 au 6. Kwa LP ni nyingi, kwa shelaki yenye sindano sahihi zinavumilika. Kama sahani yako imejikunja, hapo sitavumilia. Mkono unapanda na kushuka kila mzunguko, na kila ukishuka unakandamiza palepale.

---

Mwana_wa_Mutrah | Muscat

Assalaam aleikum. Hilo la kujikunja nina ushahidi wake. Baba alikuja huku na santuri zake za Unguja, akazihifadhi miaka yote. Mimi nikazipakia kwenye gari mwezi wa Julai kuzipeleka nyumba mpya, nikasimama dukani kidogo. Kidogo tu. Nilipozishusha, nne zilikuwa zimelegea kama chapati. Mmoja wa rafiki zangu alisema ziwekwe kati ya vioo viwili juani zinyooke. Nimeogopa kujaribu.

---

MlinziWaSanturi

Waaleikum salaam. Pole sana. Endelea kuogopa. Watu wamefanikiwa kuzinyoosha hivyo, lakini joto linalotosha kuinyoosha sahani linatosha pia kulainisha mifereji, na kioo kinaikandamiza. Zilizojikunja kidogo mara nyingi bado zinasomeka kwa pleya ikiwa mwendo ni wa polepole, nitaeleza chini. Zilizobaki zisimamishe wima, zigusane bila kubanana, zisilale kwa mshazari. Kila moja na bahasha yake ya karatasi safi, na zile bahasha za asili zihifadhi kando, zina majina ya maduka na ni historia.

---

Mkongwe_wa_Ilala

Nakumbuka baba alikuwa na sindano za mianzi na nyingine kama mwiba. Alizichonga kwa kifaa kama mkasi. Je, hizo zilikuwa salama zaidi?

---

MlinziWaSanturi

Mzee umenifurahisha, sijapata kumsikia mtu wa hapa aliyeziona kwa macho. Ndiyo, zilikuwepo za mianzi na za miiba ya mpungate. Ni laini kuliko shelaki, kwa hiyo ikishindikana ncha ndiyo inayovunjika, ukuta wa mfereji unabaki. Ile mkasi ilikuwa ya kukata ncha mpya baada ya kila upande. Sauti yake ni ndogo na ya upole. Ila zina masharti: santuri iwe haijawahi kuguswa na chuma. Mfereji uliokwisha kwaruzwa unaitafuna ncha ya mwanzi kabla wimbo haujafika nusu. Nimejaribu kwenye santuri zangu 40 zilizobaki, ni tatu tu zilizoifikisha mwisho. Hizo tatu nadhani bibi hakuzipenda, hakuzicheza.

Kwa chuma pia kuna unene. Makopo yameandikwa sauti kubwa, ya kati, na ndogo. Nyembamba ndiyo ya sauti ndogo. Mimi natumia hiyo.

---

KijanaWaMakadara

Nimepata sindano ya 78. Jamani! Kumbe ami alikuwa na santuri nzima kabisa. Samaki wameisha kwenye nne kati ya sita. Kwenye moja nimesikia mpaka pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza beti. Sasa nataka kusikiliza kila siku, na baada ya kusoma uzi huu naogopa.

---

MlinziWaSanturi

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Icheze mara moja vizuri, uirekodi, halafu usikilize rekodi hiyo mara elfu. Santuri ipumzike. Hata gramu 4 zina mchango wake, mdogo, lakini upo.

Unavyofanya: osha kwanza, kavu kabisa. Unganisha pleya na kompyuta, tumia Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni bure. Rekodi kwa WAV, biti 24, 96 kHz kama kifaa kinaruhusu, usirekodi kwa MP3. Rekodi chaneli mbili hata kama wimbo ni wa chaneli moja. Kushoto ni ukuta mmoja wa mfereji, kulia ni ukuta wa pili. Kwenye santuri za gramafoni mara nyingi ukuta mmoja umechakaa kuliko mwenzake, kwa hiyo sikiliza kila upande peke yake uchague ulio mzima. Kama zote ziko sawa, zichanganye kuwa moja, na kelele nyingi za sindano kupanda na kushuka zitajifuta zenyewe. Ile rekodi ya kwanza isiguswe, iwekwe sehemu mbili tofauti. Kusafisha kelele ufanye kwenye nakala.

Na huu ndio mwendo wa polepole niliomwahidi ndugu wa Muscat. Santuri iliyojikunja, yenye ufa, au iliyochakaa sana, icheze kwa mwendo wa 45 badala ya 78. Sindano inapata muda wa kufuata mapindo bila kuyapiga kwa nguvu, na kwenye ufa inapita badala ya kuruka. Halafu kwenye Audacity unaongeza mwendo mara 1.733 na wimbo unarudi ulivyo. Wenye pleya zisizo na 78 kabisa wanaweza kutumia njia hiyohiyo, sindano tu ndiyo lazima iwe ya 78. Besi na sauti za juu zitahitaji kurekebishwa, kwa sababu amplifaya za leo zina mizani ya RIAA (kipimo cha besi na sauti za juu) ya miaka ya 1950 iliyowekwa kwa ajili ya LP, nayo itakuwa imekaa mahali pasipo pake. Mwenye kukwama hapo anitumie ujumbe, tutasaidiana.

Jambo moja limenipa faraja kuhusu ile santuri ya bibi. Patasi zangu zilichonga kimo fulani cha ukuta, kile ambacho ile sindano ilikigusa. Juu yake na chini yake palibaki. Nimeagiza ncha pana kidogo, ya mikroni 89, inakaa juu ya palipochongwa. Nimeirekodi kwa 45. Kijivu bado kinasikika, lakini beti ya pili na ya tatu maneno yamerudi, na udi unasikika kwa mbali. Beti ya mwisho haikurudi.

---

Disiki_ya_Katanga

Aksanti sana. Gramafoni nimeifunga. Kuko rafiki kwenye Kenya, ule mtaa wa hapa Lubumbashi, niko naambiwa ana pleya ya umeme na mkono mwepesi. Nitanunua sindano kwanza, ndiyo nitamuendea.

---

Bi_Mwanakhamis

Mwanangu, nimezisafisha kumi na mbili kama ulivyoniambia, siku tatu, nne kwa siku. Ukungu umetoka. Nembo zimebaki kavu, moja tu nimeipata kidogo pembeni. Miye kompyuta siijui na pleya ya umeme sina. Nikizileta Dar, utanirekodia? Na ile yenye ufa nije nayo au niiache?

---

MlinziWaSanturi

Bibi, njoo nazo, na yenye ufa uje nayo, tutaicheza kwa mwendo wa polepole mara moja tu. Zipange wima kwenye kreti ya plastiki, chini na pembeni weka godoro la sponji au kanga zilizokunjwa, zikae zimejaa zisiweze kuanguka upande. Ile ya ufa ifunge kati ya makaratasi mawili magumu. Kwenye boti usiruhusu ziwekwe chini ya mizigo wala pale panapopigwa jua, kaa nazo miguuni. Panda ya asubuhi kabla ya joto. Nitakupokea bandarini mimi mwenyewe.

---

Bi_Mwanakhamis

Inshallah Jumamosi. Kreti ninayo, nitatandika kanga za mama.

---

Fundi_Kiwambo

Mkuu, Jumamosi nitakuja na mzani na sindano zangu tatu za ukubwa tofauti. Na Bibi, ukiweza kubeba na kile kinanda, nina ufunguo wa aina hiyo.